Nimechangiwa

Nimechangiwa. Si harusi, si msiba, wala si ada ya shule. Nimechangiwa juzi saa saba mchana, sokoni Karume, na wauza mitumba, mama ntilie wawili na kijana wa maji baridi. Kofia ya sufu ya mtoto mchanga ilizungushwa meza hadi meza, ikarudi na shilingi 8,350, sarafu nyingi kuliko noti, nikakabidhiwa hadharani pamoja na dua. Kofia nayo wakaniambia niende nayo. Ile hela nimeiweka kwenye bahasha juu ya kabati, kwa sababu sijui hela ya namna hiyo huwa inatumikaje.

Nilikuwa naomba kupunguziwa bei tu.

Asiyewahi kununua vitu vya mtoto huku mtoto mwenyewe akionekana tumboni hajui bei inavyopanda. Dada mmoja mwembamba mbele yangu alitajiwa fulana kwa elfu moja. Mimi nikatajiwa elfu mbili na mia tano, fulana ya meza ile ile, dada mwenyewe hajasogea hata hatua tatu. Nikauliza kulikoni. Kijana muuzaji, aliyesimama juu ya meza na viatu vyake, akanijibu bila kupepesa macho: "Mama kijacho, yule anachagua. Wewe unahitaji."

Kila nilipobembeleza alinirudisha kwa mtoto. "Usimwanzie maisha kwa kumkatia bei." "Wa kwanza huyu? Wa kwanza hapunguziwi, dada, huyo ndiye anafungua mlango." Mwishowe akaniuliza swali lililoleta yote haya: "Kwani baba yake hayupo?"

Lakini kabla mambo hayajaharibika nilikuwa nafundishwa, na elimu ile ni lazima niitoe kwanza, maana ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho sokoni bila kusikitikiwa.

Robota la mitumba hufungwa huko linakotoka, Ulaya, Canada au mashariki ya Asia, kwa mashine inayokandamiza nguo za kujaza chumba zikawa furushi moja la kubebwa mgongoni. Kilo zake kwa kawaida ni 45. Nje kuna plastiki ngumu, mikanda na maandishi: nguo za watoto, daraja la kwanza. Muuzaji hulinunua hivyo hivyo, haruhusiwi kulichungulia. Robota ni ndoa ya kuozwa: mahari unatoa kwanza, uso utauona baadaye. Siku ya kulifungua, alfajiri, hufika wenye vibanda vya nguo vya mitaani. Hao huchukua vilivyo bora, wakavifua, wakavipiga pasi, wakavitundika kwenye henga na kutuuzia sisi wa Tabata kwa elfu kumi tukijisifu kwamba hatuvai mitumba. Kinachobaki ndicho kinachopanda mezani. Asubuhi elfu tatu, mchana elfu moja, jioni mia tano, na jua likikaribia kuzama muuzaji anaanza kukuonea huruma yeye. Kwa maana hiyo bei ya fulana inategemea zaidi saa uliyoamka kuliko fulana yenyewe. (Mjamzito wa miezi minane huamka mapema sana, ila kufika ni suala jingine.)

Robota la watoto wachanga wafanyabiashara hulipenda kwa hesabu nyepesi. Kilo 45 za makoti ya wazee ni makoti machache; kilo 45 za fulana za mtoto wa wiki tatu ni mamia ya vipande. Tena vingi havijachakaa, kwani mtoto hukua kabla hajapata nafasi ya kuvichakaza. "Huyu mzungu," kijana alinionyesha gauni lenye kijikaratasi cha dukani bado kinaning'inia, "alikua kabla hajalivaa."

Kisha akanisomea lebo. Nguo za watoto za Ulaya bara huandikwa 50, 56, 62, 68, 74. Maisha yangu yote nilidhani ni namba za kiwanda. Kumbe ni urefu wa mtoto mwenyewe kwa sentimita. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kama sentimita 50, kwa hiyo 56 ni ya mwezi wa kwanza na wa pili, 62 inamfikisha karibu miezi mitatu, 68 karibu sita. Waingereza wao huandika miezi, na hapo, alisema kijana, usiwasikilize, maana miezi mitatu ya mtoto aliyezaliwa na kilo nne si miezi mitatu ya aliyezaliwa na kilo mbili na nusu. "Hamsini usinunue, mama kijacho, atavaa wiki mbili. Chukua 62, kunja mikono." Sijawahi kupata ushauri wa bure ulionyooka vile tangu nianze kliniki.

Robota la watoto lina balaa moja tu, nalo ni theluji. Watoto wa kule huzaliwa hata Desemba, na meza ile ilijaa suti nene zilizojazwa pamba, zenye miguu iliyoshonwa na kofia zenye manyoya. Kijana aliinua moja akatangaza ni "ya kutokea hospitali". Dar es Salaam, mwezi wa tatu, nyuzi 32, mtoto atoke hospitali amevaa ya kupandia Kilimanjaro! Nikacheka. Nimeinunua. Ina masikio ya dubu.

Nguo nyingine ya kulalia ilikuwa na lebo ya Uingereza inayoonya iwekwe mbali na moto. Tuliisoma wote wawili, halafu tukaangalia pembeni. Soko lile liliungua Januari 2022.

Sasa narudi kwenye swali la baba yake.

Sokoni kila mtu anadanganya na kila mtu anajua kwamba anadanganywa. Muuzaji atakuapia kwamba bei uliyotaja hata yeye hakununulia, ila atakupa kwa sababu wewe ndiye mteja wa kufungulia, wakati ni saa saba na ameshafunguliwa na nusu ya Ilala. Mnunuzi naye atasema hii ndiyo hela ya mwisho, iliyobaki ni nauli, huku noti ya elfu kumi imekunjwa ndani ya sidiria. Hiyo ni adabu ya soko. Anayelipa bei ya kwanza ndiye anayeonekana hana malezi. Kwa hiyo kijana aliponiuliza kama baba yake hayupo, nilifanya nilichofundwa tangu utotoni.

"Yupo, kaka yangu, ila amesimamishwa kazi tangu mwaka mpya. Hapa nimekuja na elfu tatu ya kuazima."

Mume wangu wakati huo alikuwa ofisini, na tai shingoni.

Sentensi hiyo ikisemwa na msichana wa chuo inapunguza mia tano. Ikisemwa juu ya tumbo la miezi minane inasimamisha biashara. Kijana alinyamaza. Akashuka mezani, jambo ambalo sidhani kama wateja wake wengine wamewahi kuliona. Akanivutia ndoo nikalie. Kisha akageukia meza za jirani kwa ile sauti yake ya kuuzia: "Jamani! Jamani, hebu sikilizeni! Huyu mama amekopa elfu tatu kuja kumvalisha mtoto, mzee amesimamishwa kazi! Tumwache aondoke hivi hivi?"

Hawakuniacha. Nilijaribu kukataa. Nilisema hapana, jamani, tafadhali, sijafikia huko. Wakadhani ni haya ya mtu mwenye heshima zake aliyeanguka, wakaongeza. Mama ntilie alinifunikia sahani ya wali maharage. Mwuza soksi alitoa jozi tatu, zote za kushoto kwa jinsi nilivyozichunguza baadaye. Mzee mmoja wa mikanda alinishika mkono akaniambia hata yeye alisimamishwa mwaka 1994, na leo mnamwona. Nilianza kulia kwa aibu. Machozi hayana maelezo: kofia ilizunguka mara ya pili.

Ndipo ikatokea sauti nyuma yangu. "Wee! Si mkwe wa Tabata wewe?"

Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mama mkwe wangu, kaja kutafuta mapazia.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Kaketi barazani, pembeni yake unga kilo kumi, sukari, na khanga kuukuu zilizofungwa vizuri. Nikamwamkia. Akaitikia kwa upole ulionitisha. "Mwanangu, njaa haina aibu. Lakini ungeanza na mimi kabla ya Karume."

Nikaanza kueleza. Hakunisikiliza, alikuwa anampigia mwanawe. "Baba," alimwambia, "pole na kazi."

Sasa, kuna Mtanzania gani mwenye adabu ambaye mama yake akimpa pole na kazi atauliza kazi imefanya nini? "Ahsante, mama," akajibu mume wangu, akiwa katikati ya hesabu za mwisho wa mwezi. "Ndiyo tumeshazoea."

"Lakini ungetuambia."

"Ningewaambia nini, mama? Ndiyo maisha."

Baada ya hapo hakuna ushahidi wowote uliokuwa na kazi. Ukoo mzima umeshapata taarifa. Baba mkubwa wa Korogwe amemtafutia mume wangu, ambaye ni mhasibu na ana kazi, nafasi ya kusimamia vibarua kwenye shamba la mkonge, na anataka jibu kabla ya Jumatatu. Mume wangu hajaniuliza kitu. Anakunywa chai yenye sukari ya mama yake, anakoroga kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Na hayo yalikuwa makosa madogo. Kubwa liligunduliwa pale mama mkwe alipofungua mfuko akakuta nguo. Mtoto hajazaliwa, nguo zimeshanunuliwa! "Unamchuria mtoto!" Kwao hainunuliwi hata pini kabla mtoto hajalia. Nilitaka kumwambia kwamba nisiponunua kabla, mtoto akishalia atakayekwenda Karume ni mwanawe, na mwanawe atauziwa ile meza yote pamoja na kijana aliyesimama juu yake. Nikanyamaza. Mfuko umechukuliwa, uko uvunguni kwake mpaka siku hiyo ifike, pamoja na masikio ya dubu.

Vitu vingine vya mtoto nivipitie haraka. Kigari cha kusukumia mtoto kiliteremka vizuri kwenye daladala, kikasukumika hadi lami ilipoishia, kisha kikafika nyumbani kichwani mwa bodaboda. Kitanda cha mtoto kilichopakwa rangi upya kinatunza nguo zinazosubiri pasi. Beseni tumenunuliwa na watu wanne.

Kuhusu pampasi, niliwahi kupasua moja ili nione ninachouziwa. Ndani kuna nyuzi laini kama pamba zilizochanganywa na punje nyeupe, ndogo kuliko sukari, ziitwazo kitaalamu sodiamu poliakrileti. Nilizitia kwenye bakuli na glasi ya maji, na maji yakatoweka! Yakawa ute mzito, ukigeuza bakuli hamna kinachomwagika. Punje hizo hunywa maji safi mara mamia ya uzito wake. Mkojo huunywa kwa kiasi kidogo kuliko maji safi, kwa sababu una chumvi, na chumvi huzidhoofisha. Nilithibitisha: nikanyunyiza chumvi ya jikoni, na ule ute ukalegea, ukaanza kuachia maji. Mume wangu aliingia akauliza kama ndicho chakula cha jioni. Ni ufundi wa hali ya juu, na unalipiwa. Mtoto mchanga hubadilishwa mara nane hadi kumi kwa siku; kwa shilingi 400 kila moja unakaribia 4,000 kwa siku, laki na ushee kwa mwezi, ya kutupa jalalani. Ndiyo maana naanza kuziheshimu zile khanga kuukuu za mama mkwe. Khanga mpya ina wanga wa dukani, haifyonzi, inasukuma mkojo pembeni. Iliyofuliwa miaka kumi ndiyo inayokunywa. Khanga moja ya doti inatoa nepi kadhaa, na maandishi yake yakiangukia matakoni, mtoto hajui kusoma.

Ningependa kuishia hapa, huku tunacheka. Lakini kuna orodha nyingine, ile ya kliniki.

Hii haibandikwi popote. Unaambiwa kwa mdomo, nesi akijaza kadi yako, kwa sauti ya kukukumbusha kitu ambacho wote mnajua. Glavu jozi kadhaa. Pamba, lile rola kubwa. Mpira wa kutandika kitandani. Wembe mpya. Vibanio vya kitovu. Bomba za sindano. Khanga au vitenge, sabuni, beseni, ndoo. Nilikuwa nimekaa chini ya bango lenye maandishi makubwa: huduma kwa mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ni BURE. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema hivyo hivyo kwa vituo vya umma. Nikamwonyesha nesi bango kwa kidole. Hakukasirika. Alilitazama kidogo, akasema taratibu: "Dada yangu, wewe njoo navyo tu. Usiku wa manane bango halivaliki mikononi."

Sina ugomvi naye. Yeye ndiye anayesimama pale na mikono mitupu, yeye ndiye anayeazima kibanio cha mama wa kitanda cha tatu ampe wa kitanda cha saba. Nilikitazama kibanio hicho duka la dawa. Ni kipande cha plastiki kifupi kuliko kidole, chenye meno ndani, na ukishakibana hakifunguki tena. Kimebuniwa makusudi kisifunguke. Kinakaa pale mpaka kitovu kinyauke na kudondoka, wiki moja au mbili hivi. Katika vyote nilivyonunua, kikiwemo kigari, hakuna kilichofikiriwa vizuri kama hicho, na hakuna kilicho rahisi kama hicho. Bei yake haifiki fulana ya saa saba mchana. Nchi inayoweza kuleta robota la kilo 45 la nguo za theluji kutoka Ulaya hadi Ilala inashindwaje kukifikisha wodini?

Mwenzangu wa benchi alinisimulia kwamba mwaka jana waliambiwa wanunue hata ile sindano inayochomwa baada ya mtoto kutoka, ya kukaza kizazi ili damu isimwagike. Dawa hiyo, oksitosini, inatakiwa ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Yeye aliibeba kwenye mkoba, ndani ya daladala iliyojaa, kwenye jua. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua wazazi. Yeye amepona, anacheka anaposimulia, na mimi nilicheka naye kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Wauza mitumba, watu wasionijua hata jina, walisimamisha biashara kwa fulana ambayo mtoto wangu angeweza kuikosa na asipate madhara yoyote. Kwa pamba na dawa, ambavyo nikivikosa naweza nisirudi, nimeelekezwa duka la pili kushoto.

Kwa hiyo, mama kijacho mwenzangu mwenye elfu hamsini mkononi: nunua glavu kabla ya soksi. Nunua pamba, mpira, vibanio na wembe, viweke kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, na kadi ya kliniki juu yake. Khanga omba kuukuu, utapewa. Nguo za namba 62 chache tu, ukazichague jioni. Kigari acha. Nauli ya usiku weka pembeni na usiiguse hata kwa chumvi, maana uchungu haupangi saa na bajaji wa saa tisa usiku hapunguzi.

Na ninyi wenye mabango: leteni pamba. Mkishindwa, bandikeni orodha na bei zake chini ya lile neno BURE, kwa herufi za ukubwa ule ule, ili mtu aanze kuweka akiba tangu mimba ina miezi mitatu.